Aliyeniachia Besi

Miaka ya vita vya Shifta, bendi yetu ya Isiolo ilipiga muziki mchana. Kafyu, marufuku ya kutoka nje usiku, ilianza jua likizama, kwa hiyo Jumamosi tulianza mara tu watu wakimaliza chakula, katika ukumbi nyuma ya soko, jenereta ikinguruma nje. Mimi nilikuwa karani kutoka Meru, na nilipiga gitaa la solo. Nilipenda kutazamwa.

Gitaa la besi alilipiga Mborana mmoja aliyenizidi umri, fundi cherehani aliyekulia Sericho. Alisimama nyuma, karibu na ngoma, macho chini. Siku moja nilimuuliza kwa nini mtu mwenye vidole kama vyake hataki solo.

"Solo inataka watu wakusikie," alisema. "Mimi nataka wacheze tu. Wakicheza bila kujua ni nani anawachezesha, hiyo inanitosha."

Nilicheka. Nilidhani anaona haya.

Kisha habari zikaja kutoka kwao Sericho. Watu walikuwa wamekusanywa na jeshi ndani ya kijiji kilichozungushiwa senyenge, na ngamia wa baba yake wakapigwa risasi malishoni, wakubwa kwa wadogo. Mzee alikataa chakula, akafa. Jumamosi ile nilimkuta fundi ukumbini akikaza nyuzi.

"Pole sana, kaka. Nenda nyumbani upumzike."

"Nyumbani wapi?" akaniuliza.

Wanajeshi walijaa ukumbini kama kawaida, vijana wa kutoka mbali, buti zao zimejaa vumbi. Alipiga. Sauti ile nzito ilipita kwenye sakafu ya mbao ikatupanda miguuni, nami nikapotea katikati ya wimbo, nikaacha kupiga. Hakuna aliyegundua. Angeacha yeye, ukumbi mzima ungesimama.

Tulipomaliza, askari mmoja alimjia akitokwa jasho. "Mzee, hiyo chombo yako inaingia hapa," akasema, akijigusa kifua.

"Ahsante," fundi akajibu, akaendelea kupangusa nyuzi.

Baadaye alipata kibali cha kwenda kumtunza mama yake kule kijijini. Aliniachia besi. "Usipige nyingi," alinionya. "Wape wengine nafasi."

Nikashika besi, solo nikampa mwingine. Solo sijaigusa tena.

Vita vilipokwisha nilipanda lori hadi Sericho kumtafuta. Nilimkuta mama yake peke yake na mjukuu wa kike. Waliniambia kwamba ugonjwa wa kuhara ulipoingia kijijini, fundi alizika majirani wengi, kisha naye akazikwa. Mama aliniuliza, kupitia kwa mjukuu, mwanawe alifanya kazi gani nasi mjini. Nikavuta debe tupu la maji, nikalipigapiga kwa vidole, polepole, kama alivyopiga yeye besi.

Mama alisikiliza hadi nikaacha. Akasema jambo kwa Kiborana, na msichana akanitafsiria:

"Anasema hata akiwa mtoto hakupenda kelele."

Kisha mama akaniwekea chai.