Ufa Niliouziba kwa Lipu

Siku ile naikumbuka hata nisipotaka, na kabla sijakukabidhi funguo za vyumba vya Tunduma, mwanangu, kaa uisikie.

Nilikuwa kijana mwenye vyumba vitatu vya matofali mabichi na majivuno ya mwenye thelathini. Kimoja alipanga Mama Tumaini, muuza vitumbua pale mpakani, na binti yake wa miaka mitano. Kodi alinilipa ya miezi sita kwa mkupuo, kama tunavyodai wenye nyumba, nami siku hiyo hiyo nikanunua bati za nyumba yangu mwenyewe.

Mvua za Januari zikalowesha ukuta wa nyuma, ukapasuka. Mama Tumaini akanijia, kanga imemganda mwilini.

"Baba mwenye nyumba, chumba hakikaliki. Tunabanana kona moja kama kuku. Nipunguzie kodi, au nirudishie ya miezi iliyobaki nihame."

"Sina, mama. Ilishatumika."

Ningeweza kuuza bati chache. Sikutaka. Badala yake nilimpeleka fundi akapiga lipu ya saruji juu ya ufa, ukuta ukapendeza, nikajiona mjanja. Ubaya ni kwamba aliniamini. Akakirudisha kitanda cha mtoto mahali pake.

Ukuta ulianguka mchana, siku ya nne. Tumaini alikuwa na homa, amelala. Majirani walimfukua kwa mikono. Nilipofika, alikuwa ameshafunikwa.

Niliuza bati nane, nikapata pesa ya jeneza kabla jua halijazama. Babu yako, aliyekuja msibani kutoka Mbozi na kusikia nilivyomnyima mama yule kodi yake, akaniita pembeni ya turubai. Hakupaza sauti.

"Juzi pesa hukuwa nayo. Leo umeipata wapi?"

 Mama Tumaini hakunitukana. Alirudi kwao Ileje, sikumwona tena. Najuta, mwanangu, na majuto haya hayajapungua.

Basi nisikilize. Chumba kikiharibika, punguza kodi siku ile ile unayoambiwa, usingoje kubembelezwa. Kikiwa cha hatari, rudisha ya miezi iliyobaki hata ikibidi uuze kitanda chako. Ndiyo maana kodi ya mbele usiile yote. Na ufa usiufiche kamwe.

Haya, shika funguo. Mungu awajalie wapangaji wako walale salama, nawe akupe usingizi ambao mimi niliupoteza.