Mtembeza Wageni na Tangi Lililopoa

Mtembeza wageni wa kiwanda cha pombe kali huanza kwa kupangusa mikono kwenye suruali, kisha hukohoa kidogo, kama anayebisha hodi kwenye koo lake mwenyewe. Shemeji yake, anayewamiminia wageni vikombe vya kuonja na yeye mwenyewe haonji hata tone, ameijua ziara nzima kwa moyo. Tangu mtambo uharibike hakuna kinachochemka, kwa hiyo kazi ya kuchemka ameichukua mtembeza wageni mwenyewe. "Bwu-bwu-bwu," hutoa sauti kwa mashavu, halafu "fsss," huo ndio mvuke. Akifika kwenye tangi kubwa la shaba huligusa kwa ncha ya kidole na kuurudisha mkono mbio: "Moto huo, wazee wangu!"

Leo abiria wa meli ya kifahari waliingia wamenuna, na wakala wao, aliyeandamana nao, alikwisha kuonya: wakilalamika tena, ziara inafutwa. Bibi mmoja mwenye kofia pana akaweka kiganja kizima juu ya tangi, akakiacha pale.

"Mbona baridi kama jiwe la mtoni?"

Shemeji akaikumbatia chupa, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Mtembeza wageni akapangusa mikono kwenye suruali.

"Ni kweli, bibi. Mtambo umekufa. Anayechemka hapa ni mimi peke yangu."

Bibi akamtazama toka kichwani hadi viatuni.

"Haya, chemka tena mwanangu. Mvuke niachie mimi."

Gari la wageni lilipoondoka, kila dirisha lilitoa "fsss," na mashavu yaliyovimba kuliko yote yalikuwa ya wakala.