Taa za Hina katika Gari Bovu

Miaka ile ya vita nilikuwa nikiwapaka hina maharusi wa Rumonge ndani ya gari bovu lenye vitanda na jiko. Lilikuwa la msafiri mmoja Mzungu. Injini ilipokufa alimwachia mjomba wangu, fundi wa mashine za boti, naye akapanda basi kurudi Bujumbura. Mjomba alilivuta hadi uani kwetu, mimi nikalifanya saluni.

Shida ilikuwa taa. Zilikuwa za halojeni, zenye joto kama jiko. Hina ilikauka kabla sijamaliza ua moja, na betri iliisha upesi. Kuzipunguza mwanga hakukuwezekana. Jioni, wanajeshi wa doria walipopita, dirisha lenye mwanga mkali lilileta maswali, kwa hiyo tulizima tukakaa gizani.

Harusi ya binti wa jirani ilipokaribia, mjomba alirudi kutoka Kigoma na taa ndogo za LED, zisizo na joto. Aling'oa zile za zamani, akafunga mpya, na kando ya mlango akaweka kitufe cha kuongeza sauti alichokitoa kwenye redio mbovu. Ukikizungusha, mwanga unapanda au unashuka.

Bibi harusi na shangazi zake waliingia kabla ya magharibi, maana usiku kutembea kulikuwa hatari; wangelala humo mpaka asubuhi. Nikawasha. Mwanga ulikuwa mweupe, wa baridi. Binti akajitazama kwenye kioo.

"Dada, niko kama maiti," akasema.

Shangazi yake mkubwa alicheka mpaka akashika tumbo. "Hii taa iko nzuri kwa kuuza samaki."

Nikamwita mjomba. Alituchungulia, akaenda zake, akarudi na bidon, dumu la mafuta ya mawese, ile ya njano, iliyopasuka. Akaikata vipande na kufunika kila taa. Mara nyuso zetu zikawa na rangi ya asali.

"Murakoze, mjomba," binti akashukuru, akaninyooshea mikono.

Tulikuwa tunaimba tuliposikia viatu vya doria. Shangazi mkubwa akazungusha kitufe, mwanga ukashuka, na sauti zetu zikashuka nao. Niliendelea kuchora, pua karibu na kiganja cha binti. Mtu akagonga.

"Amahoro. Munafanya nini humo?"

"Amahoro, baba," shangazi akajibu. "Tunamupaka mutoto hina. Anaolewa kesho."

Askari akarudi nyuma, akalitazama dirisha. "Basi mupunguze nyimbo. Taa haionekani."

Akaondoka. Tulicheka tukiwa tumeuma ncha za vitenge ili asitusikie.

Asubuhi hina ilikuwa imekolea, nyekundu ya kukaribia weusi. Mama mkwe alimshika binti mikono, akaigeuza huku na huku, akaibusu, kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mjomba alikuwa bado anaoga. Walimgongea mlango wakimtaka aje kula, na sahani ya kwanza ya pilau ikawa yake.