Kampuni Ilipozaa

Nilikuwa napara magamba ya samaki aina ya mukeke mume wangu alipotoka sebuleni ameshika kichwa.

"Mama watoto, tumekwisha! Hisa za karo ya watoto zimeshuka robo nzima. Kesho nauza zote."

Alizinunua alipofanya kazi ng'ambo, na huziandika kwenye programu ya hesabu. Binti yetu, mwanafunzi wa uhasibu, akaweka kidole kwenye skrini.

"Papa, kampuni haikuanguka, imezaa. Imetenga kiwanda kikawa kampuni nyingine, wakakupa hisa zake. Umeziandika wapi?"

"Kwenye zawadi. Sikulipa hata faranga."

"Apana! Ulilipa uliponunua za kampuni mama. Bei ile uigawe: robo tatu kwa mama, robo kwa mtoto."

Binti akaigawa. Rangi nyekundu ya hasara ikatoweka, na baba mtu akakaa chini, akapumua.

Sisi tukipewa kitu bure tunashukuru, basi. Programu haijui shukrani, inauliza bei.

Mezani aliitazama sahani yake. "Mbona samaki wangu mfupi?"

"Nimemkata. Mkia uko kwenye bakuli. Hesabu vyote kabla ya kulia."

Watoto wakacheka. Nami nikahesabu vichwa: sita, wote wapo.