Bisibisi Menoni

Mafundi wengine husikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni. Yeye huiuma. Ncha huigusisha kwenye chuma, hufumba macho, na mtetemo wa silinda zote sita humpanda kupitia taya, maana masikio yalikwishampa mkono wa buriani. Leo teksi ya mama mmoja ilikuwa ikitetemeka kama mwenye homa kila ikisimama kwenye taa. Aliinama chini ya boneti, kisha akafumbua macho, na katika kioo cha dirisha la gari lililo kando akaisoma midomo ya mdogo wake, mwenye gereji, akimnong'oneza yule mama: "Kiziwi huyu namvumilia tu kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Mwezi ujao namtoa." Midomo ile ilijifunza kwake kutamka kila kifaa cha gari. Akachomoa bisibisi, akafuta mate kwa kiganja cheusi.

"Silinda ya sita, ile ya nyuma kabisa. Oili imevujia kwenye shimo la plagi, ndiyo maana haichomi mafuta."

"Umeona, mama?" mdogo wake akapiga kelele, akimkumbatia bega. "Kaka yangu hana mpinzani!"

Fundi akatabasamu, kama mtu ambaye hakusikia kitu.