Redio Iliyofichwa Kwenye Pamba Fifi

Redio ya gari la babu ilikuwa inanuka kabla ya kulia. Ulizungusha kitufe cha kushoto na hukusikia kitu. Ulingoja, na kwanza ilikuja harufu ya vumbi linalopata joto, kisha harufu ya nguo iliyopigwa pasi ya mkaa, kisha taa ya rangi ya asali ikawaka nyuma ya kioo chenye namba, ndipo sauti ilipopanda taratibu kama ya mtu anayekuja kutoka mbali akiongea peke yake. Babu alikuwa akitukataza kuigusagusa inapojipasha. Alisema mgeni haharakishwi akiwa bado anavua viatu. Mpaka leo nikinusa pasi ya mkaa, sikio langu linangoja taarifa ya habari.

Babu alikuwa karani wa ushirika wa pamba, na gari lile jeusi la Kiingereza alilinunua kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa anarudi kwao. Alipofariki lilikuwa limeshakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, lakini redio ilikuwa bado inalia ukiiunganishia betri. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa, na baba mkubwa, kaka yake baba aliyekuwa akiishi Malampaka karibu na stesheni, akatoa uamuzi. Gari angekabidhiwa baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi pale Bariadi, alifufue, lakini kwa masharti ya ng'ombe. Hatukuhitaji kufafanuliwa. Ukipewa ng'ombe wa mtu uwatunze, maziwa unakunywa na samadi unatia shambani, lakini ng'ombe si wako. Mmoja akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, aone alama yake, aamini kwamba hukumuuza mnadani. "Chochote kitakachokufa kwenye gari la baba, nataka ngozi yake," alisema baba mkubwa. "Na kila kitu kiwe kile kile cha kiwandani. Mavuno yakiisha nakuja kuangalia." Asiporidhika, gari lingevutwa hadi Malampaka, na ukoo mzima ungejua kwamba mdogo wake si mtu wa kukabidhiwa mali.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Bariadi, ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na muuza duka anayepiga miayo, yalijaa mitumba, mafuta ya nywele na redio kaseti za Dubai zenye taa za kurukaruka. Wengine walishangilia. Baba yangu alikunja uso. Aliona kila kitu kipya kimekuja na mwenzake wa bandia, na mara nyingi hakukosea: tulinunua sabuni isiyotoa povu, na betri za tochi zilizokufa kabla hatujafika nazo nyumbani. Akajifunza kugonga, kunusa na kupima uzito kwa kiganja kabla ya kumsalimia muuzaji. "Kikulacho ki nguoni mwako," alituambia asubuhi, na jioni alirudia ili tusilale tumesahau. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kasha la mbao lenye ngozi zote za gari: plagi zilizoungua, mkanda uliokatika, kioo cha taa kilichopasuka. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Mimi nilikuwa mtoto wa kike wa darasa la nne, na nilidhani baba wote duniani hulala juu ya vyuma vibovu.

Msimu ule wa mavuno gari lilikuwa karibu kukamilika. Fundi Masele, mtu mpole mwenye karakana chini ya mgunga, alikuwa amelipaka rangi na kubadili nyaya zote. Siku alipomaliza nyaya, redio haikunuka. Baba alizungusha kitufe, akangoja, akainamisha pua. Hakuna kitu. Fundi akasema imekufa kwa uzee, na kwamba angeweza kuweka ya Dubai, ila tundu la dashibodi ilibidi lipanuliwe kidogo kwa tupa. Kisha akatamka neno lililomponza. "Hiyo ya zamani niachie tu, Mwalimu, ntatolea spea." Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa ombi la kawaida. Lakini uvumi ulikuwa umeenea kwamba ndani ya redio za zamani mna madini fulani, na kwamba wapo watu wanaozunguka vijijini kuyatafuta. Baba akamtazama Fundi Masele kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa zizini gizani. Usiache mbachao kwa msala upitao, akamjibu, akaichomoa redio kwa mikono yake mwenyewe na kuondoka nayo akiwa ameikumbatia. Alikuwa na hakika kwamba vya ndani vilikuwa vimeshabadilishwa, na kilichobaki kilikuwa ganda.

Ngozi hiyo ya redio hakuiweka kwenye kasha. Kasha kila mtu alilijua. Akaivingirisha kwenye koti lake la mvua na kuificha mahali ambapo kwa akili yake hapangeguswa: kwenye pamba fifi. Ndivyo tulivyokuwa tukivuna. Pamba safi, nyeupe, ilirundikwa chumba cha mbele. Ile chafu iliyoshikwa na majani ndiyo fifi, na ilitupwa kona ya ghala. Ushirika ulinunua safi kwanza, na fifi ikangoja hadi mwisho wa msimu, wakati mwingine hadi panya wazaliane humo. Baba, mtoto wa karani wa ushirika, alihesabu kwa kanuni za babu. Hakumwambia mama. Hakumwambia mtu yeyote, maana kwake siri ya watu wawili ilikuwa tangazo.

Lakini ushirika haukuwa tena peke yake. Siku moja, baba akiwa shuleni, lori la mnunuzi binafsi liliingia mtaani bila taarifa, na mizani ikatundikwa kwenye mti wa jirani. Kutoka juu ya lori, katikati ya magunia, alishuka baba mkubwa. Alikuwa ameomba lifti, naye hakuwa na desturi ya kutoa taarifa anapokuja kukagua. Karani wa mizani akamwambia mama, "Leta yote, mama. Safi, fifi, sisi tunachanganya tu." Mama hakuamini masikio yake. Tulibeba mimi na yeye, turubai baada ya turubai, majirani wakitazama. Karani alikuwa na nondo iliyochongwa ncha, ambayo aliizamisha katika kila mzigo kwa sababu watu walikuwa wameanza kuongeza mawe na mchanga. Kwenye mzigo wa fifi nondo ikagonga chuma. Akaizamisha tena, ikagonga tena. "Kumbe hata kwa mwalimu," akasema, akaingiza mkono na kuvuta koti la mvua la baba.

Nakumbuka mama alivyokaa chini, pale pale kwenye vumbi. Aliona aibu, nami nikaona aibu kwa sababu yake. Baba alipofika, mikono imejaa chaki, kaka yake alikuwa ameishika redio mapajani. "Mwadila, kaka," baba akasalimia. Baba mkubwa akainua redio.

"Hii ni nini?"

"Ni ngozi, kaka. Nilikuwa nakutunzia."

"Ngozi huanikwa, kila mtu akaiona. Ngozi iliyofichwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa."

Baba alieleza kuhusu fundi, madini, vitu vya bandia. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi. Mficha uchi hazai, na yeye hakuzaa hata shahidi mmoja. "Gari libaki," baba mkubwa alisema mwishowe. "Redio naondoka nayo. Siku utakayosema umemuuzia nani vya ndani yake, uje uichukue." Akapanda lori. Fifi yetu ilikataliwa, tukairudisha ghalani mbele ya macho ya watu.

Ndugu hao wawili hawakutembeleana tena. Baba alikuwa na jibu lake: kaka ameshaiuza Mwanza, ndiyo maana alikuja na fujo. Alilisema kila Krismasi, na sisi watoto tulikua tukimwamini. Gari liliendelea kutembea, na tundu la redio baba aliliziba kwa kipande cha kanga. Sharti la ukoo lilimkalia kooni, na Fundi Masele hakupata tena kazi yake hata moja.

Baba mkubwa alifariki mwaka juzi. Mama mkubwa aliniita stoo, akaondoa magunia ya mpunga moja baada ya jingine, na chini kabisa nikaliona koti la mvua. Alisema mumewe aliificha humo tangu siku ile, akihofu baba angetuma mtu aje kuiiba. Kwenye vitufe vyake kulikuwa bado na nyuzi za pamba. Nilicheka, kisha nikalia kwa uchungu. Niliipeleka kwa kijana mmoja wa redio hapa Bariadi. Aliponiomba nimwachie nirudi kesho, nilivuta kigoda nikaketi. Sijifichi, damu ni ile ile. "Fyuzi, mama," akasema baada ya muda, "na vikorokoro viwili vimekauka. Vingine vyote ni vya kiwandani. Hakuna aliyewahi kuvigusa."

Leo nina simu inayotaka alama ya kidole changu kabla ya kuniimbia, na geti lenye kamera. Sijui kama tunaibiwa kidogo kuliko zamani, lakini najua tunalala macho zaidi. Redio ya babu haina pa kukimbilia katika dunia hii. Stesheni zimehamia kwenye namba ambazo kioo chake hakina, na iliporudishwa kwenye tundu lake garini na kuwashwa ilitoa mvumo tu. Lakini kwanza ilinuka. Baba, ambaye siku hizi haoni vizuri, aliketi kiti cha mbele na pua yake mbele ya dashibodi. Nilimweleza habari ya fyuzi. Alivuta harufu hadi taa ya asali ikawaka.

"Kumbe mwizi hakuwepo," akasema.

Nilinyoosha mkono nizime, akanizuia. "Iache. Nipeleke Malampaka, Minza. Kaka akaone kwamba ng'ombe hakufa." Tulikwenda hivyo, mvumo ukiwa umewashwa njia nzima, hadi penye kaburi.