Bawa la Sola Darini kwa Boke

Boke wa Butiama hakuwa mtu wa kuamini masanduku. Kitu cha thamani kilipanda darini, juu ya mafiga, moshi ukilinde na wadudu. Mbegu zake za mahindi zilikaa huko, na ulezi pia. Basi mjukuu wake Wanzagi, anayesoma ufundi Musoma, alipomwachia kifurushi akisema, "Bibi, nitunzie hiki kuliko roho yako," nacho kikapanda huko huko.

Ndani mlikuwa na mfano wa bawa la sola la chombo cha angani: utando mwembamba unaong'aa na mirija ya kujazwa hewa, vimekunjwa hadi vikaenea kiganjani. Ijumaa Wanzagi angelifungua mbele ya walimu. Likigoma, nafasi yake ya kwenda kusoma mbele imekufa.

Alhamisi akaja kulichukua. Akaunga pampu ya baiskeli, akasukuma. Bawa likajikunyata tu kama ngozi mbichi iliyowekwa motoni. Joto la moto wa jikoni lilikuwa limegandanisha mikunjo.

"Uliliweka wapi, mke wangu?" Ndivyo walivyoitana, bibi na mjukuu.

"Panapokaa mbegu. Kwani mbegu tunawekaga wapi, uvunguni?" Boke alifoka. "Kama ni bovu, lilikuja bovu, mume wangu."

Wanzagi akakaa chini, akaanza kulikunja tena bawa lake. Kumwona hivyo kulimuuma Boke kuliko matusi. Akaleta wembe.

"Kata palipokufa. Usiniangalie mimi, kata!"

Wakakata. Kijana akaunga mirija kwa gundi, bibi akapuliza, mashavu yametuna, ili mwenzake asikie panapovuja.

"Na huko angani nani anapuliza?"

"Kachupa ka gesi, bibi. Huko hakuna hewa ya kulikandamiza kwa nje. Pumzi kidogo inatosha."

"Basi hata kikongwe anatosha."

"Anatosha, ila aache ugoro kwanza."

"Mshenzi wewe," akasema, akapuliza tena.

Kufika saa tisa alasiri bawa likanyooka, upande mmoja mfupi, likamulika ukuta hadi kuku wakatimka. Boke aliutazama sana ule upande mfupi.

"Walimu wakikuuliza, utamtaja nani?"

"Nitasema lilipata joto tu."

"Thubutu! Sema bibi yangu Boke alilitunza pamoja na mbegu zake. Nami nitakuwa nimekaa pale mbele. Mwenye neno aniambie mimi."

Akaingia ndani kutafuta gauni lake la kanisani.